Mgombea, taka zikitoka mlangoni kwangu zinaenda wapi?

Watu wengi walokosa kuja Jumapili wameniomba niwaandikie nilichosema pale mkutanoni kuhusu wagombea udiwani wa kata yetu hapa Tanga, haya ndo maneno yangu, nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, ila sehemu mbili tatu ambazo spika ilizima nimezirudia ili mpate mtiririko.

Asalaam aleykum jamani. Na wale wa Bwana Yesu asifiwe pia. Wazee wangu shikamooni, kinamama wenzangu hamjambo, na nyie vijana mlokaa juu ya ukuta teremkeni msogee huku karibu maana haya yanawahusu nyie kuliko sisi.

Mie wengi mnanijua, ndo yule mama wa mkokoteni. Mwaka wa tisa huu nazoa taka na wenzangu kumi na moja, saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, sina cheti cha mazingira ila nitajie nyumba yoyote ya mtaa huu nikwambie jana walikula nini. Kwaiyo nikiongea habari za uchafu naongea kitu nakijua.

Kikundi chetu cha usafi pamoja na wavuvi wa dikoni, kule boti zinakoshusha samaki, tulikaa tukasema safari hii tusisubiri wagombea udiwani waje na muziki na gari la matangazo, tuwafuate sisi. Wako wanne. Tukamwendea kila mmoja kwake, maswali ni yaleyale, tukaandika majibu kwenye daftari mbele yake na kabla hatujaondoka tukamsomea tulichoandika, akikubali ndo anasaini. Wote wanne walisaini, nawashukuru kwa hilo. Majina sitataja wala chama sitataja, wanakuja wenyewe hapa Ijumaa mtawasikia kwa masikio yenu, na sitaki mtu aondoke hapa akasema yule mama wa taka kampigia fulani kampeni.

Kabla ya majibu yao niseme kitu kimoja maana tulipokuwa tunazunguka nimegundua hata baadhi yetu hatujui diwani ana kazi gani kwenye mambo haya, tunadhani mazingira ni ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, au ya waziri Dodoma. Diwani ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani anaingia baraza la madiwani, na baraza ndo linapitisha bajeti ya mapato ya ndani na sheria ndogo, yani ukisikia faini ya kutupa taka, ada ya usafi, machinjio yawe wapi, hayo yanapita mikononi mwa madiwani. Na ndani ya baraza la mji kuna kamati ya mipangomiji na mazingira, na wanaokaa mle ni madiwani haohao. Alafu mkutano wa baraza kamili ni wa wazi, wewe mwananchi unaruhusiwa kwenda kukaa kimya kusikiliza, mi nimeenda mara mbili na siku zote mbili upande wa wananchi tulikuwa hatuzidi watu watano.

Haya. Nianze na taka maana ndo kazi yangu.

Masika iliyopita mnakumbuka ile mvua ya siku mbili mfululizo, maji yakaingia vyumbani, watu wakapandisha magodoro juu ya meza. Mvua ilipokatika tukaingia kwenye mtaro ule mkubwa na majembe na ndoo, mi nlikuwa juu napokea ndoo namwaga, kwaiyo kila kilichotoka mle nimekiona. Juu kabisa zilikuja chupa za maji, zile ndogo, nyepesi zinaelea. Zikafuata pampasi, na pampasi ikishanyonya maji ya mtaro ina uzito kama tofali, sisemi uongo. Kisha makumbi ya madafu. Kisha maganda ya machungwa ya msimu uliopita, yameshakuwa uji mweusi unanuka kama pombe. Na chini kabisa, ambapo jembe lilikuwa linakwama, tukakuta vile vifuko vyepesi vya kufungia dagaa na mchicha na nyanya, vimejikunja na mchanga vimekuwa kama zulia, unavuta unatoka mita nzima. Rambo za kubebea zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kwa kweli zilipungua, kila mtu aliona mitaa ilivyobadilika, ila hivi vya kufungia vilibaki kama vifungashio na sasa tunavibebea vitu palepale sokoni. Na ule mtaro unaishia wapi? Baharini. Kisichonasa kwenye mtaro kinakwenda kunasa kwenye mizizi ya mikoko.

Sasa sikilizeni jinsi taka zinavyotembea, maana hapa ndo wagombea wengi wanapotea. Mi na wenzangu tunazitoa mlangoni kwako tunazipeleka guba, pale zinapokusanywa kusubiri gari. Pale kazi yetu imeisha. Kutoka guba kwenda dampo linatakiwa gari. Gari likichelewa siku nne guba linafurika, mbuzi wanaingia, kunguru wanachambua, anayepita usiku na ndoo yake hafiki katikati anamwaga pembeni, mvua ikija inasukuma zote mtaroni. Na wewe umelipa ada yako unaona uchafu uko palepale, unamlaumu nani, unamlaumu mama wa mkokoteni kwa sababu ndo unayemuona. Mwaka juzi kuna dada alinirudishia kiroba cha taka mlangoni kwangu, nyumbani, watoto wangu wakiwa wanakula. Simlaumu hata kidogo, alikuwa amelipa, ila siku ile nlilia.

Kwaiyo tukawauliza wagombea, swali fupi tu, taka zikitoka mlangoni kwangu zinaenda wapi na zinafikaje?

Wa kwanza, ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mkarimu alitukaribisha vizuri na chai, akasema atatununulia mikokoteni ishirini mipya. Nikamwambia kaka yangu, Mungu akubariki, mkokoteni wangu umechoka kweli, ila ukileta ishirini guba litajaa saa mbili asubuhi badala ya saa sita, gari je? Akasema gari ataliulizia. Tumeandika hivyohivyo, "ataliulizia".

Wa pili ni mwalimu mstaafu, na huyu amefundisha wengi wenu hapa. Yeye jibu lake lilikuwa sheria ndogo na faini kali, na njia anaijua, kwamba baraza likishaandaa lazima wananchi watangaziwe watoe maoni alafu inapelekwa kwa waziri wa TAMISEMI ndo inakuwa sheria. Tukamuuliza, mwalimu, anayemwaga usiku mara nyingi ni yule ambaye guba lake limejaa, utampiga faini kabla hujamletea gari? Akanyamaza, akaandika. Baada ya siku tatu akatuita tena akasema nimefikiri, naanza na ratiba ya gari iliyobandikwa kila mtaa, faini inafuata miezi sita baadaye. Mi nimependa sana. Mtu wa kurudi na kusema nimefikiri upya tunamhitaji kwenye siasa.

Wa tatu ni kijana wa bodaboda, na kwenye taka huyu ndo kanishangaza. Alikuwa ameshaenda guba mwenyewe na mizani. Akasema zaidi ya nusu ya tunachobeba ni mabaki ya chakula na maganda na majani, kitu kibichi, na hicho ndo kizito na ndo kinachonuka, kikitengwa nyumbani kikawa mboji hapahapa kwenye kata basi gari moja linatosha palipokuwa panatakiwa mawili. Na hela ya kuanzia akatuonyesha iko wapi, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, 4 kinamama, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwamba vikundi vya usafi visajiliwe viombe kwa ajili ya mboji na kununua chupa kwa kilo. Jibu lake lina hesabu, na kwa miaka tisa nlokuwa kwenye kazi hii hakuna mgombea alowahi kunipigia hesabu ya taka.

Wa nne ni mama mchuuzi wa samaki, yeye kwenye taka alisema tu tushirikiane, hakuwa na zaidi. Nawaambia ukweli wa pande zote.

Ila tulipofika baharini mambo yakageuka.

Mnakumbuka siku tuliyopanda mikoko? Tulikuja wengi, fulana nzuri, picha, soda, ilikuwa siku ya furaha na mi nlipanda kwa mikono yangu. Baada ya miezi mitatu nikapita pale maji yamekupwa nikasema ngoja nikaone mkoko wangu. Nikahesabu vichipukizi vyenye majani. Vitano. Nlisimama pale kwenye tope nikajiuliza tumekosea nini maana mbegu zilikuwa nzima. Jibu nimekuja kulipata kwa huyu mama mchuuzi, barazani kwake, huku anaparua samaki. Akanambia mwanangu mlipanda mkoko mahali pa mlilana. Yani mikoko ina aina zake, pale mbele kabisa wimbi linapopiga mwenyewe ni mlilana, mkoko wenyewe, huu wenye mizizi kama miguu ya kaa, unakaa nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu ule unaovumilia chumvi unamudu mpaka kule nyuma kwenye jangwa la chumvi. Kila mti na mahali pake. Na mbegu ya mkoko inaota ingali mtini kwa mama yake, inaning'inia ndefu kama mchi mwembamba, ikianguka inajichoma kwenye tope yenyewe. Akasema ukiuacha mti mama bila kuukata na tope bila kulijaza kifusi basi hata hauna haja ya fulana, unajipanda. Wazee wa dikoni mnatikisa kichwa, mnajua nasema kweli.

Kwaiyo mgombea wa kwanza alipotuahidi kupanda miti elfu kumi, mikoko ndani yake, tulimuuliza mti gani, wapi, nani atakwenda kuiangalia mwezi wa tatu. Hakuwa na jibu bado. Naomba Ijumaa mumuulize tena, inawezekana ameshajiandaa.

Swali lenyewe tulilowauliza wote kuhusu ufukwe ni hili la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Na mikoko yenyewe ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu, haikatwi bila kibali. Sasa nendeni pale mwisho wa barabara mkaone, kifusi kimeshushwa lori kwa lori juu ya tope, leo ukuta, kesho banda, keshokutwa nyumba ina umeme. Diwani hana bunduki ya kumtoa mtu, ila yupo kwenye kamati inayojadili mipangomiji, mwenyekiti wa mtaa anakaa naye kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, lori la kwanza la kifusi likishuka yeye anajua siku hiyohiyo.

Mama mchuuzi alisema kifusi cha kwanza tu atakwenda kusimama pale yeye na wanawake wa dikoni na atapiga simu TFS na NEMC mbele ya watu. Mwalimu akasema atataka mipaka ipimwe na mawe ya alama yawekwe, kwa sababu saivi kila mtu anapima mita 60 kwa hatua zake, wa kujenga anaanzia maji yakiwa yamekupwa, wa kukataza anaanzia yakiwa yamejaa. Hoja nzuri sana hiyo. Mfanyabiashara akasema waliojenga tayari wasibughudhiwe. Na kijana wetu wa bodaboda, yule wa hesabu nzuri za taka, hapa hakujibu. Tulimuuliza mara mbili. Akasema kuna watu wake wako pale, atatujibu siku nyingine. Namuombea ajibu Ijumaa, maana akijibu hili atakuwa na karatasi nzuri kuliko wote.

Uvuvi wa baruti. Hapa nawaachia zaidi wazee lakini niseme kidogo kwa vijana. Kulikuwa na ule mradi wa pwani wa Tanga ulioanza 1994, wavuvi wenyewe wakakaa vijiji kwa vijiji wakakubaliana miamba fulani ifungwe ipumzike, na wapo watu hapa walioshiriki. Kisha baruti zikarudi, mlipuko mmoja unaua kila kitu mpaka mayai na matumbawe yanabaki kokoto, samaki hana pa kulala. Na bahari yetu si bahari ya kawaida jamani, hapa kuna silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka nyuma mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na hapa Tanga alianza kunasa kwenye majarife ya wavuvi wetu mwaka 2004, ndo mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake, inatoka kule kaskazini ya mdomo wa mto Pangani mpaka huku kwetu. Wagombea watatu kati ya wanne wametuandikia neno moja, "doria". Mama mchuuzi peke yake ndo aliuliza mafuta ya boti ya doria yananunuliwa na nani, maana BMU, kile kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, ni watu wa kujitolea, wana macho na simu, boti ina mashine lakini tangi kavu. Anataka kuwe na fungu la mafuta kwenye bajeti ya halmashauri, hata dogo, lenye jina lake. Mi hapo nlimuona anajua anachogombea.

Maji nitapita haraka. Maji ya bomba tunayokunywa yanatoka bwawa la Mabayani, Mabayani inalishwa na mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka Amani, Usambara Mashariki. Diwani wa hapa hana mamlaka Amani. Lakini mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yani ilikopa kwa watu hela za mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu na kulinda chanzo, na deni hilo linalipwa na mapato ambayo ni bili zako na bili zangu. Kule juu kuna wakulima wameungana kwenye umoja wao, UWAMAKIZI, wanalinda kingo za Zigi na Kihuhwi ili udongo usishuke bwawani, watu ambao hatujawahi hata kuwasalimia na ndo wanatulindia ndoo zetu. Mwalimu alikuwa anajua habari zao. Wengine watatu hapana, wakaandika "tutafuatilia". Sitaki kuwahukumu sana kwa hili, hata mie nimelijua mwaka huu.

Na Chongoleani, kule linakoishia bomba la mafuta ghafi. Hapa naomba utulivu maana najua kila nyumba ina mtu wake kule, hata mwanangu wa pili amepata kazi za muda kwenye mradi na karo ya mdogo wake imetoka huko, kwaiyo mi siko hapa kuupinga. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda, 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu, na mwisho wake ni hapa, matangi manne, kila moja la mapipa 500,000, kisha gati inayoingia baharini meli zije kupakia. Sasa swali tulilowauliza wagombea lilikuwa la mvuvi mmoja na mi naona ni la haki kabisa. Ikitokea hitilafu usiku wa manane, mafuta yakaingia majini, mvuvi aliyeko na ngalawa yake anaambiwa na nani, kwa njia gani, na diko letu liko namba ngapi kwenye orodha ya kuambiwa? Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. Mwalimu aliahidi kuomba mpango wa dharura uletwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata usomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi. Kijana akasema anaunga mkono na akaongeza namba za simu za madiko yote ziwe kwa msimamizi mmoja. Mfanyabiashara akasema mradi ni wa kitaifa diwani asiuingilie. Mama mchuuzi akasema atauliza, akaongeza kwa uchungu kwamba siku samaki wa Tanga wakisemwa wananuka mafuta, hata kama ni uongo, yeye kwenye beseni lake hauzi hata mmoja. Hilo nimelibeba moyoni mpaka leo.

Mtu kaniuliza pembeni hapa, mama sasa wewe unampa nani. Kura yangu ni yangu. Ila nitawaambia ninachokitafuta mie, natafuta mtu akitaja kitu anataja na tarehe yake na fungu lake, na akiulizwa kuhusu watu wake mwenyewe wanaoharibu hababaiki. Mpaka jana kwenye daftari hakuna aliyetimiza yote, wawili wamekaribia.

Majibu yote tumeyanakili kwa mkono yamebandikwa nje ya ofisi ya mtaa, yako kwenye nailoni yasilowe, msiyabandue. Asiyejua kusoma vizuri asione haya, kila jioni baada ya Magharibi binti yangu atakuwa pale anasoma kwa sauti. Ijumaa wagombea wote wanne wamekubali kuja hapahapa baada ya Alasiri, kila mmoja dakika kumi na tano, maswali kutoka kwenu si kutoka kwetu. Mwenye swali aliandike leo ampe mjumbe wake. Na tafadhali kijana ukija usimzomee mtu, tunataka wajibu.

Sasa nampisha mzee wetu wa dikoni, amesubiri tangu saa nane na ana neno kuhusu zile nyavu za macho madogo. Mzee karibu, shika maiki hapa chini, juu inakwaruza.